Taiti-endi: Bei Inayotungwa na Sheria

Ligi ya kwanza ya fantasi ya futiboli ya Kimarekani haikuwa na nafasi ya taiti-endi. Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika klabu ya Oakland Raiders, alitunga sheria zake hotelini New York mwaka 1962, timu ikiwa safarini, akisaidiana na Bill Tunnell wa klabu hiyohiyo na Scotty Stirling, mwandishi wa gazeti la Oakland Tribune. Mwaka uliofuata, kabla ya msimu kuanza, timu nane zilikutana nyumbani kwake Oakland na kuchagua wachezaji kwa zamu. Kila timu ilitakiwa iwe na kwotabeki wawili, wakimbiaji, wapiga mikwaju, wachezaji kadhaa wa ulinzi, na "endi" wanne. Endi alikuwa endi tu. Awe amesimama peke yake pembeni mwa uwanja au amebanana na wazuiaji wa mbele, alitiwa kwenye kapu moja na wenzake. Hapakuwa na haja ya kujiuliza kama taiti-endi achukuliwe mapema au asubiriwe hadi mwisho. Swali hilo, ambalo leo huwakosesha watu usingizi kila Agosti, lilikuja baadaye, ligi zilipomtenga na kumpa kiti chake ambacho lazima kijazwe. Kwa maoni yangu, anayetaka kumthamini mchezaji huyu sawasawa aanze na historia ya mpaka huo, kwa sababu bei yake kwenye drafti, yaani huko kuchagua kwa zamu, imeufuata mpaka huo kuliko ilivyofuata ustadi wake wa kudaka.

Msomaji aliyezoea Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza, na Nairobi na Dar es Salaam wamejaa, tayari anaujua mchezo wa mipaka ya namna hii. Humo beki akifunga bao hupewa pointi 6, kiungo 5, mshambuliaji 4. Bao ni lilelile, ila orodha imemweka mfungaji katika safu tofauti. Kwa Wamarekani kuna ugumu mmoja zaidi: katika ligi nyingi mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Timu 10 au 12 huchagua kwa zamu, na aliyekwisha kuchukuliwa amekwenda. Kwa hiyo thamani ya mchezaji hapa haiko katika pointi zake peke yake, iko katika umbali kati yake na yule utakayebaki naye ukimkosa. Joe Bryant, mmoja wa walioifanya hesabu hii ijulikane, alijenga juu yake mbinu nzima ya kuchagua: usiulize huyu atapata pointi ngapi, uliza atamzidi kwa kiasi gani mwenzake wa nafasi ileile.

Umbali huo kwa taiti-endi umekuwa mkubwa kwa sababu kazi yenyewe ilizaliwa ikiwa na mabwana wawili. Futiboli inataka wachezaji saba wawe kwenye mstari mpira unapoanza kuchezwa, na kati ya hao ni wale wa ncha mbili tu wanaoruhusiwa kupokea pasi. Kadiri pasi zilivyoongezeka, makocha walimsogeza endi mmoja mbali pembeni na kumwacha wa pili ameshikamana na ukuta. Huyo aliyebaki ndiye taiti-endi. Mkimbiaji akipewa mpira, kazi yake ni kumsukuma jitu la kilo zaidi ya mia. Pasi ikiitwa, achomoke katika msongamano huohuo na kuwa mdakaji. Wanaoyaweza yote mawili ni wachache, na makocha wengi walipolazimika kuchagua walichagua yule anayejua kuzuia. Mike Ditka alipoingia Chicago Bears mwaka 1961 akadaka mipira 56, yadi 1,076 na tachidauni 12 (mabao ya futiboli) katika mechi 14, alionyesha nafasi hiyo inaweza kuzaa nini. John Mackey wa Baltimore akafuata njia hiyohiyo. Lakini taiti-endi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa, Ditka huyohuyo, hakuingizwa hadi mwaka 1988, na Mackey akangoja mpaka 1992.

Mwaka 1978 NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa ya Marekani, ilibadili sheria: mlinzi hakuruhusiwa tena kumgongagonga mdakaji akishapita yadi tano, na wazuiaji wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Pasi ikawa rahisi kuliko ilivyowahi kuwa. Don Coryell, aliyeanza kuifundisha San Diego Chargers mwaka huohuo, alimchukua Kellen Winslow mwaka 1979 na kumwondoa ukutani, akimsimamisha mahali ambapo mlinzi mwenye nguvu za kumkabili hakuwa na mbio, na mwenye mbio hakuwa na kimo. Mwaka 1980 Winslow alidaka mara 89 kwa yadi 1,290. Baadaye vilabu vilianza kuwatafuta watu wa aina hiyo hata nje ya futiboli. Tony Gonzalez alicheza pia mpira wa kikapu chuoni, akastaafu akiwa amedaka mara 1,325. Antonio Gates alikuwa nyota wa kikapu Kent State, hakuchaguliwa na klabu yoyote kwenye drafti ya NFL ya 2003, na akamaliza na tachidauni 116, rekodi ya nafasi hiyo. Waliowajua watu hawa ukumbini mwa kikapu hawakushangaa. Kumweka mlinzi mgongoni na kuudaka mpira juu ya kichwa chake ni kazi waliyoifanya tangu utotoni, ya chini ya goli.

Hapa ndipo mpaka ulipoanza kuleta matata. Kama mtu anasimama mbali na ukuta na kukimbia kama mdakaji wa pembeni, kwa nini aitwe taiti-endi? Swali hilo lilifikishwa rasmi mbele ya msuluhishi mwaka 2014. New Orleans Saints walitaka kumbakiza Jimmy Graham, mwana-kikapu mwingine, kwa utaratibu unaoipa klabu haki ya kumzuia mchezaji mwaka mmoja kwa mshahara unaokokotolewa kutokana na nafasi yake. Kwa taiti-endi mshahara huo ulikuwa kama dola milioni 7. Kwa mdakaji wa pembeni, kama milioni 12. Upande wa Graham ulisema kwamba msimu wa 2013, alipopata yadi 1,215 na tachidauni 16, takriban theluthi mbili za mara alizokuwa uwanjani hakuwa ameshikamana na ukuta. Msuluhishi Stephen Burbank, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilibidi apime ardhi. Aliamua kwamba Graham akiwa karibu na mzuiaji wa mwisho wa ukuta, ndani ya yadi nne, bado ni taiti-endi, hata akiwa amejitenga kidogo. Alitaja pia kwamba mchezaji mwenyewe alijitambulisha kwa jina hilo kwenye ukurasa wake wa Twitter. Yadi nne, basi, zilikuwa na thamani ya mamilioni. Mwezi huohuo wa uamuzi, Graham alitia saini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 40, ambao haukuwa bei ya taiti-endi wa kawaida wala ya mdakaji wa juu kabisa.

Wacheza fantasi hawakupaswa kuichukua kesi ile kama habari za mishahara tu. Kwao Graham alikuwa johari kwa sababu ileile iliyomuumiza mfukoni: alifanya kazi ya mdakaji huku akiitwa taiti-endi. Kioja kikubwa kuliko hicho kilitokea Novemba 2020. Kwotabeki Drew Brees aliumia, na New Orleans wakamwanzisha Taysom Hill kuwa kwotabeki dhidi ya Atlanta. Kwenye ligi za fantasi za ESPN Hill alikuwa ameorodheshwa pia kuwa taiti-endi, kwa hiyo mtu aliweza kumweka kwenye kiti cha taiti-endi na kuhesabiwa yadi zake zote za kurusha, pamoja na tachidauni mbili alizokimbia mwenyewe. Waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo jambo lenyewe lilikuwa sura ya wazi tu ya kitu kinachotokea kila wiki kwa kificho.

Sasa tuipime hesabu, kwa ligi inayotoa pointi 1 kwa kila mpira uliodakwa, 1 kwa kila yadi 10 na 6 kwa tachidauni. Mwaka 2022 Travis Kelce wa Kansas City alidaka mara 110, yadi 1,338, tachidauni 12: kama pointi 316. Aliyemfuata katika nafasi hiyo, T.J. Hockenson, alidaka 86, yadi 914, tachidauni 6: kama 213. Pengo la pointi 100 katika mechi 17 ni sawa na kuanza kila wiki ukiwa na tachidauni mkononi. Justin Jefferson, mdakaji wa pembeni aliyeongoza mwaka huo, alimshinda Kelce kwa pointi, lakini mdakaji wa pembeni wa pili alikuwa nyuma ya Jefferson kwa kama 20 tu. Ndiyo sababu mwaka 2023 wengi walimchukua Kelce raundi ya kwanza. Wakaumia. Alidaka 93 kwa yadi 984 na tachidauni 5, kama pointi 221, huku Sam LaPorta wa Detroit, mgeni wa msimu huo ambaye wengi walimpata raundi za mwisho, akifikisha kama 235, na Evan Engram wa Jacksonville akiwa bega kwa bega naye.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka hapo: kama mgeni wa bure anaweza kumpita mfalme, kwa nini mtu asisubiri kila mwaka? Hoja hiyo ina ukweli, lakini inakumbuka LaPorta na kuwasahau wageni wengi wa raundi za mwisho walioachwa baada ya wiki mbili. Isitoshe, inachanganya mambo mawili. Kilichoanguka 2023 ni pengo. Kanuni ya pengo haikuanguka. Aliyelipa bei ya 2022 kwa mchezaji aliyekuwa akikaribia miaka 34 aliinunua historia, na mwaka uliokuwa mbele yake hakuupima. Mwaka 2024 Brock Bowers wa Las Vegas alidaka mara 112 katika msimu wake wa kwanza na kufika kama pointi 261, lakini Trey McBride wa Arizona alidaka 111, na George Kittle alipata yadi 1,106 na tachidauni 8. Palipo na watatu waliokaribiana juu, kumkimbilia wa kwanza hakuna maana. Palipo na mmoja tu, kuna maana kubwa, na kazi ya mthamini ni kujua mwaka huu ni wa aina gani.

Wengine watasema hesabu zote hizi ni porojo, kipaji kitajionyesha. Kyle Pitts ndiye jibu. Atlanta walimchagua wa nne mwaka 2021, juu kuliko taiti-endi yeyote kabla yake. Msimu wa kwanza alipata yadi 1,026, jambo ambalo katika nafasi hiyo lilikuwa limefanywa na mgeni mmoja tu, Ditka. Lakini tachidauni yake ilikuwa moja, aliyoipatia London, na msimu uliofuata, katika timu iliyopenda kukimbia na mpira, alidaka mara 28 tu kabla ya kuumia goti. Kipaji chake hakikuyeyuka mwaka mmoja. Pasi ndizo hazikumfikia. Graham naye alipouzwa Seattle mwaka 2015, timu nyingine ya kukimbia, alipata yadi 605 na tachidauni 2 kabla ya kuumia. Ndiyo maana tachidauni za mwaka jana ni ushahidi dhaifu. Swali la kuuliza ni lile lililomsumbua msuluhishi: mtu huyu husimama wapi, na mara ngapi anaachwa akimbie badala ya kuzuia? McBride alipata tachidauni 2 tu za kudaka mwaka 2024, na bado nisingesita kumweka mbele ya mtu mwenye tachidauni 10 anayetolewa uwanjani kila timu inapohitaji wadakaji watatu.

Wapo pia wanaotaka mpaka wenyewe ufutwe, endi warudishwe kapu moja kama kwa Winkenbach. Ni msimamo wa haki, lakini ungewatupa nje taiti-endi karibu wote isipokuwa wachache, na mchezo ungepoteza uamuzi wake mgumu kuliko yote. Njia iliyopendwa zaidi ni kuwaongezea thamani: katika mashindano ya FFPC, kwa mfano, kila mpira anaoudaka taiti-endi huhesabiwa pointi 1.5 badala ya 1. Inasemwa kwamba hilo humsawazisha na wadakaji wengine, na kwa taiti-endi wote kwa jumla ni kweli. Lakini kwa takwimu za 2024, nusu pointi hiyo inamwongezea Bowers 56, na taiti-endi wa kawaida aliyedaka mara 50 inamwongezea 25. Pengo kati yao limepanuka kwa pointi 31 kabla yeyote hajafanya lolote jipya, na anayeingia kwenye drafti ya namna hiyo na orodha aliyoitoa kwenye ligi ya kawaida atakuta wale wa juu wameshakwenda raundi nzima kabla hajaanza kuwafikiria.