Sabuni ya Mkono: Toka Majivu Mpaka Soda

Neno sabuni lilitufikia kwa njia ya mashariki. Ni ndugu wa mbali wa savon ya Wafaransa, lakini sisi tulilipata toka pwani, pamoja na misafara iliyopita Maniema katika karne ya 19. Kwa hiyo wanaosema Mbelgiji ndiye alituletea sabuni, jina angalau hawawezi kumpa.

Na kitu chenyewe? Nchi za migazi ziliijua kabla ya kiwanda. Waliunguza maganda ya ndizi au ya ngazi, majivu wakayatia ndani ya chungu chenye matundu, maji yakapita polepole. Maji hayo makali yalichemshwa pamoja na mawese mpaka kushikamana. Sabuni ile ilikuwa laini na nyeusi-nyeusi, sababu majivu yanatoa potasi. Sabuni ngumu ya kipande inataka soda.

Kisha wakaja wenye kiwanda. Tarehe 14 Aprili 1911, William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kuchagua hadi hektari 750,000 za mapori ya migazi katika maeneo matano. Kituo chake kwenye mto Kwilu kiliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Wakatangulia kusema wanaleta maendeleo, lakini kukata ngazi kulikuwa kazi ya kulazimishwa, na mwaka 1931 Wapende wakaasi. Mamia waliuawa. Mtu aliyepanda mgazi akarudi dukani kununua kipande cha sabuni.

Goma iko kwenye meta 1,500 hivi, mgazi haupendi baridi yetu. Mawese yetu inatoka chini, upande wa Beni na Walikale, inafika sokoni Virunga ndani ya bidoni za manjano. Barabara ikifunga, bei inapanda siku hiyo hiyo; Machi 2025 vita vilifika mpaka Walikale mjini. Soda nayo haitengenezwi hapa. Ndiyo maana ninaona vijana na bamama wanaojifunza sabuni nyumbani, hata kama ni kwa kujifurahisha tu, wanashika kazi yenye historia nzito.

Kazi yenyewe haina siri. Kwa kilo 1 ya mawese unapima gramu 130 za soda kostiki na gramu 330 hivi za maji. Kwa mizani, si kwa kikombe. Mawese ingetaka gramu 140 hivi, lakini unaacha mafuta kidogo yabaki ili ngozi isiungue. Soda inatiwa ndani ya maji, hapana maji juu ya soda, inaweza kuruka usoni. Na sufuria za aluminiamu, zile zimejaa jikoni mwetu, ziache kabisa: soda inazila na kutoa hewa inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, fimbo ya mti, glovu, na watoto wakae mbali. Ukikoroga mpaka uji unakuwa mzito, unamimina ndani ya kisanduku. Kesho unakata, kisha unangoja wiki 4.

Hapo ndipo raha inapoanza. Mmoja anatia kahawa iliyosagwa, mwingine mchaichai, ile tunaita sitroneli. Rangi ya mawese inabaki manjano nzuri bila kutia kitu.

Ya majivu ndiyo inanihangaisha. Wanaoijua wengi ni wazee, na vita imewatawanya toka vijiji vyao. Wakiulizwa waulizwe vipimo pia: majivu ya mti gani, maji yakapita mara ngapi, walijuaje yamekuwa makali. Hadithi bila vipimo haipiki sabuni.

Jambo moja la kwetu zaidi: usiijaribu sabuni yako kwa maji ya Ziwa Kivu. Maji hayo ni magumu, yana chumvi nyingi, povu inakataa na utando mweupe unabaki ndani ya beseni. Ijaribu kwanza kwa maji ya mvua.