Linta Iliyorudi Mlangoni Pake

Katika miaka ya 1960, jiwe moja lilitoweka kwenye hekalu la Phanom Rung, mkoani Buriram, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Halikuwa jiwe la kutia mfukoni. Lilikuwa linta, kama mafundi wetu wa ujenzi wanavyokiita kile kinacholazwa juu ya mlango. Juu yake amechongwa Vishnu, amelala juu ya joka katika bahari ya mwanzo wa dunia, na kitovuni mwake limechipua yungiyungi linalombeba Brahma, mungu muumbaji. Miaka michache baadaye jiwe hilo lilionekana Marekani, ndani ya Art Institute of Chicago. Mwaka 1988 lilirudi nyumbani.

Thailand husimulia habari hii kama kisa cha wizi na ushindi, na ni kweli. Lakini nilipokwenda Buriram, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, neno lililonikaa kichwani lilikuwa hilo la mwisho. Nyumbani kwa nani?

Phanom Rung imejengwa juu ya volkeno iliyozimika, karibu meta 400 juu ya usawa wa bahari, na chini yake mashamba ya mpunga yametandazwa kila upande. Hata jina lake ni la Kikhmer: mlima mpana. Majengo yake yaliongezwa kati ya karne ya 10 na ya 13, zama ambazo wafalme wa Angkor walitawala eneo hili. Maandishi ya Kisanskriti yaliyopatikana hapo yanamtaja Narendraditya, ndugu wa Mfalme Suryavarman II aliyejenga Angkor Wat. Baada ya kupigana vita alijitenga na dunia, akawa mtawa wa Shiva katika mlima huu. Mgeni hupita njia ya mawe yenye urefu wa meta 160, akavuka madaraja yanayolindwa na majoka ya vichwa vitano, kisha akapanda ngazi ndefu. Milango 15 ya hekalu imepangwa katika mstari mmoja, na mara nne kwa mwaka jua huipenya yote, likichomoza au likizama.

Basi waliochonga linta hiyo hawakuwa raia wa Thailand, kwa sababu Thailand haikuwapo. Mpaka wa leo ulitokana kwa sehemu kubwa na mikataba kati ya Siam na Ufaransa. Kwa ule wa mwaka 1907, Siem Reap na Angkor yake zilikwenda upande wa Wafaransa, huku Buriram ikibaki Siam. Mwaka 1962 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba hekalu jingine la Kikhmer, Preah Vihear, ni la Kambodia. Thailand ilipoteza hekalu mahakamani, na katika muongo huohuo ikawa inapoteza mawe yake kwa wezi. Mwaka 1964, katika mlima wa Plai Bat ulio mkoani humohumo, sanamu za shaba zilifukuliwa, na nyingi zikaishia katika makumbusho ya ng'ambo.

Ukilijua hilo, hasira ya mwaka 1988 inaeleweka. Tangu 1971 Idara ya Sanaa ya Thailand ilikuwa ikiikarabati Phanom Rung kwa kuyashusha mawe, kuyapa namba na kuyarudisha kila moja mahali pake. Kazi ilipokaribia kwisha, pengo la juu ya mlango lilionekana wazi kuliko zamani. Watu waliandamana hadi Chicago kwenyewe, na bendi ya Carabao ikatoa wimbo uitwao “Thap Lang”, yaani linta. Novemba mwaka huo jiwe lilirudishwa, baada ya taasisi moja ya Chicago kukubali kuyapatia makumbusho kazi nyingine ya sanaa badala yake.

Madai ya wakati ule yalikuwa kwamba jiwe ni urithi wa taifa. Hapo ndipo ninaposita. Kusini mwa Buriram na katika mkoa jirani wa Surin, watu wengi bado huzungumza Kikhmer nyumbani, ingawa shuleni na ofisini wanatumia Kithai. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Aprili, wenyeji huupanda mlima kuhiji. Wao ni Wabudha na hekalu ni la Shiva, lakini hilo haliwazuii. Kwa watu hawa, swali la kama Phanom Rung ni ya Wathai au ya Wakhmer limekaa upande, kwa kuwa wao wenyewe ni vyote viwili.

Mkoa huu umepokea mrejeo mwingine pia. Korongo aina ya sarus, ndege mwenye shingo nyekundu anayemfikia mtu mzima kwa kimo, alitoweka porini nchini Thailand katika miaka ileile ya 1960. Tangu mwaka 2011 makorongo waliokuzwa na binadamu wameachiwa katika mabwawa ya Buriram, na sasa wanataga mayai katika mashamba ya mpunga. Wakulima wengine wameacha dawa za kemikali kwa ajili yao. Hakuna anayewauliza uraia; kinachoangaliwa ni kama shamba linawafaa.

Swali la uraia wa mawe si la vitabuni tu. Kati ya 2008 na 2011 wanajeshi wa Thailand na Kambodia walipigana kuizunguka Preah Vihear. Mwaka 2025 mapigano yalizuka tena, yakiwemo ya kandokando ya hekalu la Ta Muen Thom huko Surin, na wakazi wa mpakani wakakimbia makwao. Mahekalu yaliyojengwa na ustaarabu mmoja yalikuwa yamegeuzwa vituo vya ulinzi vya mataifa mawili.

Kwa hiyo naona Chicago ilipaswa kulirudisha jiwe, ila kwa sababu nyepesi kuliko uzalendo. Linta ile ilichongwa kwa kipimo cha mlango mmoja, chini ya mchongo wa Shiva anayecheza ngoma, katika njia ya jua. Picha za zamani zilithibitisha hivyo, na dai hilo halimnyang'anyi Mkambodia wala Mthai kitu chochote. Ukisema jiwe ni la taifa, lazima useme pia taifa lipi silo, na vijana wenye bunduki watatumwa kulihakikisha. Ukisema ni la mlango wake, kinachobaki ni kuutunza mlango na kuwaachia watu waingie.