Ubishi wa vijiweni

Ubishi wa vijiweni ni mabishano ya mashabiki wa soka kuhusu mechi zijazo na hatima ya makocha, yanayofanyika penye kahawa, kwenye vituo vya bodaboda na katika vibanda umiza. Huko Goweko, kata ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora iliyo kwenye Reli ya Kati, kama kwingi Tanzania, mhimili wa ubishi huo ni klabu za Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (1936). Tabora United iliongeza chachu ya nyumbani ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24.

Dai la vijiweni kwamba kocha hupimwa zaidi kwa kipigo kimoja kuliko kwa makombe lina ushahidi. Roberto Oliveira “Robertinho” aliipa Simba Ngao ya Jamii mbele ya Yanga Agosti 2023. Kichapo cha 5-1 kutoka kwa watani hao, tarehe 5 Novemba, kikafanya kibarua chake kiote nyasi ndani ya siku mbili. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa 2023/24, lakini aliondoka Novemba 2024, siku chache baada ya kufungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United. Itapingwa kwamba mkataba huvunjwa na uongozi, si na wabishi, na kwamba huenda ndani kulikuwa na sababu nyingine. Ni kweli, ila wanachama wa klabu hizi hupiga kura kuchagua viongozi, na miongoni mwa wabishi wamo wenye kadi za uanachama. Utabiri wa matokeo ni jambo jingine, maana soka halitabiriki: mechi hiyo ya 3-1 Tabora United iliishinda ugenini, kwenye uwanja wa Chamazi, dhidi ya bingwa mtetezi.