Kigawo si kigawe

Kinachogawa ni kigawo, kinachogawika ni kigawe. Mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Irabu -e hufanya kazi hiyo hiyo katika kigawe. Kwa hiyo 4 na 7 ni vigawo vya 28, nayo 28 ni kigawe cha 4 na 7.

Tofauti hiyo ndogo hubeba hesabu nzima. Chukua chumba Mabatini, wilayani Nyamagana, chenye eneo la mita za mraba 28, urefu ukizidi upana kwa mita 3. Upana ukiwa x, mlinganyo ni x² + 3x − 28 = 0. Tafuta vigawo viwili ambavyo vikizidishwa hutoa −28 na jumla yake ni 3: ni 7 na −4. Basi (x + 7)(x − 4) = 0, na x ni 4 au −7. Upana hauwi hasi, hivyo ni mita 4, na urefu ni mita 7.

Kikokotoo, kutoka kukokotoa, kije baadaye kuhakiki: 16 + 12 − 28 ni sifuri. Kwa miaka mingi mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne ulikikataza, na naona ilikuwa sawa, kwani kikokotoo huthibitisha jibu lakini hakimfundishi mtu kuona vigawo.

Mtoto aliyejua kigawo shule ya msingi hukutana na neno la Kiingereza la kigawo sekondari, akadhani ni jambo jipya. Walimu, mkumbusheni neno lake kabla ya kumpa lile geni.