Jina la Familia Kwenye Kadi ya Idi: Alama Ndogo, Historia Ndefu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, Idi inapokaribia watoto wetu hapa Bujumbura huandika kadi kwa jamaa na majirani. Swali huzuka kwenye bahasha: jina la familia liandikwe vipi, na kile kialama kinachoning'inia juu, yaani ritifaa ('), kiwekwe wapi?

Tusiwalaumu wakichanganyikiwa. Mtoto wa Buyenzi anazungumza Kiswahili nyumbani, na shuleni anakutana na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kila lugha inaitumia alama hii kwa njia yake.

Tuanze na Kifaransa. Mwaka 1529 Geoffroy Tory, mchapaji wa Paris, alipendekeza alama hii ionyeshe mahali irabu ilipodondoka. Ndiyo maana tunaandika "l'Aïd" na "la famille d'Issa". Kirundi nacho kinafuata njia hiyo. Tazama noti za benki: "Republika y'Uburundi". Neno "ya" limepoteza irabu yake, ritifaa ikakaa mahali pake.

Waingereza waliipokea kutoka Ufaransa katika karne ya 16. Zamani walionyesha mwenye kitu kwa kuongeza "-es" mwishoni mwa jina. Kwa mfano, "kinges" ilikuwa na maana ya "cha mfalme". Sauti ya "e" ilipopotea, ritifaa ikashika nafasi yake, na hatimaye ikawa alama ya umiliki: "Juma's".

Kiswahili hakihitaji alama ya umiliki, kwani tunayo "ya", "wa" na "cha". Tunasema "familia ya Juma" au "akina Juma", basi. Kwa karne nyingi wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zilipoenea, tahajia ilitofautiana huku na huku. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha katika Afrika Mashariki. Katika tahajia tunayoitumia leo, ritifaa ni sehemu ya sauti: ng'ombe, ng'ambo. Ukiiondoa, neno linabadilika. Jirani yetu Mkenya anayeitwa Ng'ang'a, ukimwandikia "Nganga", ndugu zetu wa Kongo watasoma "mganga"!

Kuna matumizi mengine yanayotugusa zaidi sisi Waislamu. Majina mengi tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana herufi ya ayn, ambayo Kilatini hakina. Wapo wanaoiwakilisha kwa ritifaa: Sa'id, Mas'ud, Ja'far. Waswahili waliyazoea kwa matamshi yao: Saidi, Masudi, Jafari. Njia zote mbili ni sahihi. Lakini tusichanganye Sa'id, mwenye heri, na Sayyid, bwana. Ni majina mawili tofauti.

Tukumbuke pia kwamba hapa Burundi, kwa desturi, jina halirithiwi na ukoo mzima. Kila mtoto hupewa lake. Baba anaweza kuitwa Ndayishimiye na mwanawe akaitwa jina lingine kabisa. Kwa Waislamu wengi, jina la mtoto hufuatwa na la baba, kama katika "Saidi bin Juma". Kwa hiyo mtindo wa Kiingereza wa kuongeza "s" kwenye jina la ukoo ili kuwataja wote nyumbani haulingani na majina yetu.

Basi, wazazi, tuwafundishe watoto hivi:

1. Kwa Kiswahili andika "Kwa familia ya Bwana Saidi bin Juma" au "Kwa akina Saidi", bila ritifaa ya umiliki.
2. Kama ritifaa imo ndani ya jina lenyewe, usiiondoe.
3. Andika jina kama mwenyewe anavyoliandika. Ukiwa na shaka, muulize.

Jina ni heshima ya mtu. Anayefungua bahasha husoma jina lake kabla ya salamu zako, na akilikuta limeandikwa sawasawa anajua kwamba alikumbukwa yeye hasa.

Wabillahi tawfiq.