Kipimo cha figo: Tunaita picha, kumbe ni sauti

Mwaka huu daktari wangu alichoka na presha yangu. Nilikuwa nikimeza dawa tatu kila asubuhi bila kuruka hata siku moja, na bado presha ilikuwa juu. Akaniandikia kikaratasi niende nikapimwe Doppler ya figo. Nikaambiwa nisitie kitu kinywani tangu usiku, maana gesi ya tumbo huzuia kipimo. Asubuhi nikalala kitandani, nikapakwa jeli baridi tumboni na ubavuni, nikageuza shingo kutazama skrini. Figo yangu ya kushoto ilikuwa pale, imejaa vijito vyekundu na vya buluu. Buluu ilikuwa nyingi. Moyo ukanilipuka. Nikajiambia, basi, damu imeshaharibika.

Hakuna aliyeniambia vingine. Ripoti niliyokabidhiwa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na binti aliyenipima alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Nilikaa na hofu hiyo siku nne hadi nilipomwona daktari. Akacheka kwa upole. Rangi zile, akasema, hazihusiani kabisa na uzuri au ubaya wa damu. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayokijia kifaa alichoshika mpimaji, na buluu ni inayokipa kisogo. Akikiinamisha kifaa upande mwingine, mshipa ule ule waweza kubadili rangi.

Nilitahayari. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwa na neno hata moja la kumuuliza yule binti swali la maana. Nikaingia maktabani. (Kabla hujaniandikia barua, msomaji: najua wapo wasemao figo hili, mafigo haya. Leo nafuata wagonjwa na wauguzi, wanaosema figo hii, figo hizi. Wazee wa pwani walikuwa na nso pia, na Mzulu hadi leo husema inso.) Nilichokisoma kilinionyesha kwamba tulipotea mapema, pale tulipozoea kusema kwamba mgonjwa "anapigwa picha". Kipimo hiki kilianza na sikio.

Tarehe 25 Mei 1842, mjini Prague, mwalimu wa hesabu aliyeitwa Christian Doppler, mzaliwa wa Salzburg, aliwasomea wanachama wachache wa chama cha wanasayansi makala kuhusu rangi za nyota pacha. Alidai kwamba wimbi hubadilika kwa anayelipokea iwapo chanzo chake kinamkaribia au kinamwacha. Kuhusu rangi za nyota alizokuwa akizieleza, alikosea. Kuhusu kanuni yenyewe, alipatia. Ukisimama kando ya Barabara ya Thika ambulensi ikija mbio, king'ora chake ni chembamba. Ikishakupita, kinakuwa kinene ghafla. Dereva hajagusa kitu. Ni mwendo tu.

Zama zile ambulensi za mbio hazikuwepo. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot, ambaye hakukubaliana na Doppler kuhusu nyota, aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye gari moshi karibu na Utrecht, akawapanga wanamuziki wenye masikio makali kando ya reli. Waliosimama wakasikia noti ikipanda garimoshi likija, ikishuka likienda. Kanuni ya Doppler ikathibitishwa na masikio ya wapiga muziki. Doppler alifariki mwaka 1853, na sidhani aliwahi kuota kwamba jina lake lingeandikwa kwenye vikaratasi vya hospitali, tena kwa ajili ya figo.

Kwa nini figo? Figo mbili za mtu mzima zina uzito wa takriban gramu 300 tu, lakini hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mwaka 1898 kule Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walikamua figo za sungura wakapata kitu kinachopandisha presha, wakakiita renini. Ugunduzi huo ukalala usingizi kwa miaka mingi. Wengi waliamini kwamba presha ndiyo inayoharibu mishipa ya figo. Harry Goldblatt, mtaalamu wa magonjwa mjini Cleveland, Marekani, akaligeuza swali: je, kama mshipa uliobanwa ndio unaozaa presha? Aliwafunga mbwa vibanio vya fedha kwenye ateri za figo, akapunguza damu bila kuikata kabisa, presha ikapanda ikakaa juu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1934. Figo inayonyimwa damu hudhani mwili mzima umekaukiwa, ikamwaga renini, na presha hupanda ili damu ifike. Figo haina ubaya, imedanganywa.

Swali likawa namna ya kumjua mgonjwa ambaye ateri yake imebana. Tangu 1929 njia ilikuwepo. Mreno Reynaldo dos Santos alipitisha sindano ndefu mgongoni hadi kwenye ateri kuu, akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Hebu fikiria sindano hiyo! Na dawa zenyewe za kuonyesha mishipa zaweza kuidhuru figo ambayo tayari ni dhaifu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewafundisha wanasayansi, Mfaransa Paul Langevin akiwa mmoja wao, kusaka nyambizi kwa mwangwi wa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Mwaka 1958 Ian Donald wa Glasgow na wenzake wakaonyesha kwamba mwangwi huo unaweza kutumika kuchora yaliyomo tumboni. Hiyo ndiyo ultrasaundi tunayoijua, ile ya mama wajawazito. Inaonyesha umbo la figo. Haisemi damu inakwenda vipi.

La damu lilitoka Japani. Katika miaka ya 1950 Shigeo Satomura wa Osaka alielekeza sauti ile kwenye moyo, kisha kwenye mishipa, akaona kwamba mwangwi unarudi ukiwa umebadilika kidogo, nyembamba zaidi au nene zaidi, kwa sababu kinachourudisha kinatembea. Chembe nyekundu za damu ndizo zilizokuwa wapiga tarumbeta wa Buys Ballot. Na hapa pana bahati iliyonifurahisha kupita zote. Mashine hutuma mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, lakini tofauti kati ya sauti iliyokwenda na iliyorudi huangukia ndani ya uwezo wa sikio letu. Ndiyo maana chumbani mle unasikia fwuu, fwuu, fwuu. Satomura alifariki mwaka 1960.

Figo iliwasumbua watafiti zaidi ya shingo au mguu, kwa sababu imejificha nyuma ya matumbo na mishipa mingine imeizunguka. Donald Baker na wenzake kule Seattle walitengeneza mashine inayotuma sauti kwa vipande vipande, ikasikiliza mwangwi wa kina kimoja tu na kuyapuuza mengine. Baadaye wakaiunganisha na picha, mpimaji akaweza kuona mshipa na kuusikiliza papo hapo. Mwaka 1974 Mfaransa Léandre Pourcelot akatoa hesabu ambayo hata mimi, mtu wa fasihi, naimudu: chukua kasi ya juu kabisa ya damu moyo unapopiga, utoe kasi ya mwisho moyo unapopumzika, ugawe kwa ile ya juu. Kama ni sentimita 100 kwa sekunde na 40, jibu ni 0.6. Kwa mtu mzima, jibu likipita 0.7 madaktari huanza kukunja uso, kwa kuwa vijishipa vya ndani huenda vimekuwa vigumu kupitisha damu. Ateri yenyewe ikibana, damu hukimbia, kama maji ya mpira uliowekewa kidole mdomoni. Ikipita takriban sentimita 200 kwa sekunde, panashukiwa.

Rangi zilizonitisha zilikuja mwisho kabisa, miaka ya 1980, kazi ya Wajapani akina Chihiro Kasai na Koroku Namekawa. Rangi ni tafsiri ya sauti, na tafsiri, kama tunavyojua sisi wa lugha, humpotosha asiyejua asili.

Isidhaniwe kwamba ukikuta pamebana ni lazima pazibuliwe. Utafiti wa CORAL wa Marekani, uliowafuatilia watu 947 na kuchapishwa mwaka 2014, haukuona kwamba kuwekewa kijibomba ndani ya ateri iliyobanwa na mafuta kulishinda dawa pekee. Wapo wagonjwa wachache wanaokihitaji. Wengi hurudishwa kwenye vidonge, kama mimi. Ateri zangu zilikutwa salama. Daktari alibadilisha dawa moja tu.

Maneno tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilishatoa hata Kamusi ya Tiba. Mwangwi ni neno la kila mtu. Sauti nyembamba na sauti nene, kila mwimbaji wa kwaya anazijua. Iligharimu nini kumwambia mgonjwa: "Nasikiliza damu yako ikipita, hizi rangi zaonyesha upande inakoelekea"? Ni sekunde kumi. Kwangu zingeokoa siku nne, na wapo ambao hofu kama ile huwakimbiza wasirudi hospitali tena.

Nilimweleza haya kaka yangu mkubwa, mkulima, ambaye amekataa kupimwa miaka nenda miaka rudi kwa kuwa hapendi "kupigwapigwa mapicha". Alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza:

"Kwa hivyo wanasikiliza tu?"

"Wanasikiliza, kaka."

"Na mwenye damu, naye anasikia?"

"Ukimwomba aongeze sauti, unasikia."

Akasema atakuja Jumatatu.