Mitaa ya Kilimani: Alfama na Mouraria katika Mji wa Lisbon

Wageni wengi wanaofika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hupelekwa kwanza Belém, karibu na mlango wa mto Tejo, ambako mnara na nyumba ya watawa vilivyoanzishwa kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza huwasimulia habari za Vasco da Gama kana kwamba tarikh ya mji huo ilianza siku alipong'oa nanga. Rai yangu ni kwamba msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambaye habari hizo zinamhusu kuliko mgeni mwingine yeyote, aanzie kwingine: aanzie Alfama na Mouraria, mitaa miwili iliyokumbatia miteremko ya kilima cha ngome ya São Jorge, kwa kuwa humo ndimo ilimosalia alama ya mji wa kale ulioitwa al-Ushbuna, na humo ndimo inamodhihirika kwamba watu waliokuja kutupiga mizinga walitoka katika mji uliokuwa na msikiti wake hadi mwaka uleule walipotweka tanga kuja kwetu.

Alfama imeteremka upande wa kusini na mashariki, kutoka kwenye ukuta wa ngome hadi ukingo wa mto. Vichochoro vyake ni vyembamba hata wapitao wawili hupishana kwa ubavu. Kimoja kinaishia uani mwa nyumba ya mtu, kingine kinageuka ngazi za mawe yaliyolika katikati kwa nyayo za watu wa karne nyingi, na juu yake madirisha yanakabiliana kwa karibu sana, nguo zimeanikwa, na jirani humsemesha jirani pasipo kuinua sauti. Nyumba zenyewe, ni haki kusema, aghalabu si za zama za Waislamu, kwani zimebomoka na kujengwa tena mara nyingi. Kilichodumu ni mwenendo wa njia, vipande vya ukuta wa kale, na chemchemi, baadhi yake za maji ya uvuguvugu, zilizokuwa zikibubujika chini ya kilima na kuhudumia mahamamu ya mji.

Hamamu hizo zimetajwa na mwanachuoni Sharif al-Idrisi, katika kitabu kikubwa cha jiografia alichokikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sicily, na ni kitabu hichohicho kinachotaja Malindi na chuma chake. Asimulia al-Idrisi kwamba karibu na hamamu ulikuwapo mtaa ulioitwa kwa jina la vijana wanane, wana wa ami, waliounda chombo, wakapakia maji na chakula cha miezi, wakaingia katika bahari kuu ya magharibi ili wajue mwisho wake uko wapi. Walikwenda siku nyingi hata wakafika penye maji mazito yenye harufu mbaya. Wakageuza kusini, wakakuta kisiwa chenye kondoo wasiohesabika, ambao nyama yao ilikuwa chungu isiyolika. Kisha wakafika kisiwa chenye watu, wakakamatwa, na baada ya kuulizwa kwa kinywa cha mkalimani aliyejua Kiarabu, wakafungwa macho na kupelekwa hadi bara ya Waberberi, mwendo wa miezi miwili kutoka kwao. Iwapo yote yalitukia kama yalivyosimuliwa au yaliongezwa chumvi barazani, jambo moja ni yakini: mabaharia wa Kiislamu wa Lisbon walikuwa na sifa ya kuithubutu bahari hiyo miaka mingi kabla ya wafalme wa Ureno kujivunia kuifungua.

Al-Idrisi alipomaliza kitabu chake, mji ulikuwa umekwisha kutekwa miaka saba nyuma. Mwaka 1147 Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipata msaada wa merikebu za wapiganaji wa msalaba kutoka Uingereza, Flanders na nchi za Wajerumani, waliokuwa njiani kwenda Palestina, na baada ya mazingiwa ya karibu miezi minne mji ukasalimu amri mwezi wa Oktoba. Kasisi wa Kiingereza aliyekuwamo katika jeshi aliandika waraka mrefu juu ya mambo hayo, na hakuficha kwamba baadhi ya wenziwe walivunja ahadi, wakapora nyumba, na kumchinja hata askofu mzee wa Wakristo waliokuwa wakiishi mjini chini ya Waislamu. Nauthamini waraka huo kuliko makumbusho mengi ya mawe, maana unaonyesha mji uliokuwa na dini zaidi ya moja ndani ya ukuta mmoja, na unaonyesha pia jinsi hali hiyo ilivyokatwa kwa upanga. Kanisa kuu likasimamishwa mahali pa msikiti mkuu. Na walipochimba chini ya ua wake katika zama zetu, wataalamu wa mambo ya kale walikuta majengo ya Kiislamu, na chini yake ya Kirumi.

Waislamu waliobaki walitolewa ndani ya ukuta, wakapewa mteremko wa kaskazini wa kilima, na hapo ndipo ulipozaliwa mtaa wa Mouraria. Mwaka 1170 mfalme aliwaandikia Waislamu huru wa Lisbon, Almada, Palmela na Alcácer hati ya himaya: wasidhuriwe na Mkristo wala Myahudi, wajichagulie kiongozi wa kuwahukumu kutoka miongoni mwao, nao walipe kodi ya kichwa na ushuru mwingine. Kwa zaidi ya karne tatu waliishi hivyo, wakiwa na msikiti na makaburi yao, wakifinyanga vyungu na kusuka mikeka. Na hadi leo njia moja ya mtaa huo inaitwa Rua das Olarias, yaani njia ya wafinyanzi.

Mwezi wa Desemba 1496 Mfalme Manuel, aliyekuwa akiposa binti wa wafalme wa Uhispania na kutakiwa aisafishe nchi yake, alitoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu waondoke Ureno, na muhula ukawa hadi mwisho wa Oktoba 1497. Mnamo tarehe 8 Julai 1497, muhula haujatimia, na huko Mouraria watu wangali wakiuza nyumba na kufunga mizigo, Vasco da Gama akaondoka Belém. Mwezi wa Aprili 1498 alikuwa mbele ya Mombasa, kisha Malindi, ambako alipata mwalimu wa chombo wa kumvusha hadi Calicut. Mambo haya mawili huandikwa katika sura mbalimbali za vitabu, kana kwamba hayana ujamaa. Lakini mfalme ni mmoja, mwaka ni mmoja, na dhamiri ni moja, na mtu hawezi kufahamu ukali aliokuja nao Mreno katika miji yetu asipojua kwamba alikuwa amekwisha kuamua kuwa Mwislamu hana makazi hata katika mtaa aliozaliwa.

Matunda ya safari hizo yako Lisbon, wazi kwa kila mwenye macho. Kodi ya dhahabu aliyotozwa Amir Ibrahim wa Kilwa mwaka 1502 ilifuliwa kuwa chombo cha ibada, kilichomalizika mwaka 1506, na maandishi kwenye shina lake yanaitaja Kilwa kwa jina. Kimewekwa katika jumba la taifa la sanaa ya kale. Kadhalika, chini ya Alfama, ukingoni, imesimama Casa dos Bicos, nyumba ambayo uso wake wote umejaa mawe yaliyochongwa yenye ncha, iliyojengwa mnamo mwaka 1523 na Brás de Albuquerque. Babake, Afonso, alikuwamo katika msafara ulioondoka Lisbon mwaka 1506 pamoja na Tristão da Cunha, uliouteketeza mji wa Hoja, ukaitoza kodi Lamu, ukaipora Barawa, na ndipo yeye akaendelea hadi Maskati na Hormuz.

Hatua chache kutoka hapo ipo Chafariz d'El-Rei, kisima cha mfalme, ambacho uso wake wa sasa ni wa karne ya 19 lakini maji yake ni ya zamani sana. Katikati ya karne ya 16 Lisbon ilikuwa na watu wapatao 100,000, na katika hao takriban 10,000 walikuwa watumwa, ambao wengi walikuwa Waafrika. Na kwa kuwa ugomvi kisimani haukwisha, baraza la mji liliweka sharia mwaka 1551 ya kugawa midomo sita ya maji. Mdomo wa kwanza ulikuwa wa wanaume Waafrika, watumwa na huru, pamoja na machotara na Wahindi. Wa pili wa Waislamu waliofungwa makasia. Wa tatu na wa nne wa wanaume weupe. Wa tano wa wanawake Waafrika, machotara na Wahindi. Wa sita wa wanawake weupe. Atakaye kujua dola ile ilivyowapanga wanadamu na asome sharia hiyo ya kuteka maji.

Zilzala ya tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na mawimbi na moto ulioifuata, iliangamiza sehemu ya chini ya mji, na waziri Pombal akaijenga upya kwa njia zilizonyooka. Alfama nayo iliumia, ila haikupangwa upya. Mouraria ikawa makao ya maskini, mabaharia na malaya. Humo, katika Rua do Capelão, alifariki mwaka 1846 Maria Severa, mwimbaji wa fado, akiwa na umri wa miaka 26. Wapo wapendao kuinasibisha fado na Waislamu wa kale wa mtaa huo. Mimi siioni hoja yao, kwa kuwa baina ya kuondoka Waislamu na fado ya kwanza ijulikanayo zimepita karne tatu.

Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ilibomoa sehemu kubwa ya Mouraria ya chini, ikaacha uwanda mtupu ambao leo ni kiwanja cha Martim Moniz. Walakini mtaa haukukubali kufa. Katika Rua do Benformoso leo utasikia Kibangla kuliko Kireno. Maduka yanauza mchele, viungo na nyama halali, na adhuhuri ya Ijumaa watu wanafurika katika vyumba vya sala. Uislamu wenyewe ulikuwa umerudi Lisbon kwa njia inayotugusa sisi: jumuiya iliyoundwa mwaka 1968, ambayo ilikuja kufungua msikiti mkuu mwaka 1985, wengi wa waasisi wake walitoka Msumbiji.

Hatari ya sasa ni ya kodi za nyumba. Nyumba za Alfama na Mouraria zimegeuzwa vyumba vya wageni wa siku mbili tatu, jambo ambalo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa. Wazee wanahamia pembezoni, na vijana waliozaliwa humo hawamudu kurudi. Mwaka 2018 baraza la mji lilisimamisha leseni mpya za biashara hiyo katika mitaa hii miwili na mingine kadhaa. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilikuja wakati milango mingi imekwisha kubadili wenyewe, na leseni za awali hazikufutwa. Mtaa uliomudu kuvuka mazingiwa, amri ya kufukuzwa, zilzala na nyundo za serikali wastahiki kulindwa pamoja na watu wake, Mreno mzee wa Alfama na Mbangladeshi wa Benformoso kwa pamoja, si kuta zake peke yake.